Mchezo wa Mkwe na Mwavuli Mwekundu

Ukitia kaseti ya mchezo wa kompyuta kwenye redio ya kawaida, haitoi muziki. Inapiga kelele kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Majirani zangu pale mjini Salama waliizoea kelele hiyo, lakini abiria walioshuka kunywa chai kabla ya kuendelea na safari ya Mombasa walisimama mlangoni pangu na kuniuliza kama nimeharibu redio ya mtu. Niliwajibu kwamba nasikiliza mchezo, na kama hawana redio ya kutengenezwa wasinizibie mwanga. Sikuwa mtu wa maneno matamu, na mpaka leo si mtu wa maneno matamu.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa redio. Kompyuta niliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu wa kujitolea, ambaye muda wake ulipokwisha aliona ni mzigo bure kuirudisha kwao, maana ganda lake lilikuwa limepasuka na baadhi ya vitufe vilikuwa vinagoma. Ilikuwa ndogo, yote imo ndani ya kibao cha vitufe. Unaiunga na televisheni upande huu, na kinasa sauti upande ule, unatia kaseti na kungoja. Kichwa cha kinasa sauti, kile kinachosoma utepe, kikiinama hata kidogo, mchezo haupandi. Hapo ufundi wangu ulinifaa. Nilishika bisibisi ndogo nikaizungusha skrubu ya kichwa polepole, sikio limetegwa, mpaka ile kelele ikawa kali na safi. Kisha nilimkataza kila aliyekuwa dukani asikohoe mpaka picha itokee.

Mbele kidogo, upande ule ule wa barabara, palikuwa na kibanda cha michezo ya televisheni iliyotoka kiwandani, yenye rangi nzuri na muziki wake. Vijana walijazana huko. Mimi niliidharau. Niliyoipenda ni michezo iliyotungwa na mtu mmoja, nyumbani kwake, kwa kichwa chake mwenyewe, akaandika jina lake kwa kalamu kwenye karatasi ya kaseti. Ilikuja kwa njia zake: dereva wa lori alitoka nayo Mombasa, mwanafunzi wa chuo akaitoa Nairobi, nakala ya nakala ya nakala. Mingi ilikuwa na kasoro. Mtu wako alikwama ukutani, au maji yalipanda mlima. Lakini nikiupata mpya ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuuona, nilifurahi kama mtu aliyeingiza mkono kwenye mzinga wa nyuki akaukuta umejaa. Watu walijua. Mtu akiwa na kaseti asiyoielewa aliniletea mimi, nami nikamwambia ni mchezo gani, na kama unafaa kupoteza jioni.

Ndivyo nilivyofahamiana na mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanamke kijana, wa familia iliyotoka Kenya ya kati na kufungua duka la jumla pale Salama kabla hata ya lami kuharibika mara ya kwanza. Alikuja kuniletea redio ya baba yake, akaiona kompyuta, na redio akaisahau. Baada ya siku hiyo alikuwa akija kila akimaliza kufundisha. Kulikuwa na kitabu cha maelezo kilichoachwa pamoja na mashine. Mimi nilikitumia kuegemeza mguu wa meza. Alikichomoa, meza ikainama, akaanza kusoma. Muda si muda alikuwa anaandika michezo yake mwenyewe, mstari kwa mstari, huku mimi nachoma risasi ya kuungia nyaya kando yake na kumwambia harufu haitamwua.

Wakati huo mke wangu hakuwapo. Uzazi ulikuwa wa kwanza, na mama yake alitaka amwangalie mwenyewe, kwa hiyo alikwenda kwao Matinyani kujifungua. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilikwenda nikamwona mtoto, nikapewa uji, nikarudi kazini. Tulikubaliana kwamba akipata nguvu nitamfuata. Miezi ikapita, mtoto akaanza kuketi, na kila nikipeleka habari kwamba nakuja, nilijibiwa ningoje. Mwishowe shemeji yangu alipita Salama na kuniambia ukweli. Alikaa kwenye kreti ya soda akaitazama kompyuta yangu.

"Mama amesikia maneno," akasema.

"Maneno gani?"

"Ati wewe siku hizi unashinda ukicheza na TV. Ati ukiitwa huskii. Amesema msichana wake hawezi kurudi kwa mtu kama huyo na mtoto mdogo. Amesema mpaka aone na macho yake."

Nilimjibu kwa hasira kwamba mama haruhusiwi kufika kwangu, kwa hiyo ataona na macho gani. Shemeji alicheka tu. Lakini alipoondoka niliizima kompyuta. Nilijua kwamba baba mkwe angeweza kusema, na wajomba wangeweza kukaa na kunywa na kusema, lakini neno la kumrudisha mke wangu lilikuwa kwa yule mama.

Sisi Wakamba tuna nthoni. Ukiita haya hujakosea, ukiita heshima hujakosea. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamshiki mkono, hali chakula pamoja naye, na mama haingii nyumbani kwa mkwe hivi hivi. Wakikutana njiani, wanapishana kwa mbali, nyuso zimefichwa. Siku hizo watu wa mjini walikuwa wameshaanza kulegeza, wengine wanasalimiana kanisani bila wasiwasi. Mama mkwe wangu alikuwa wa zamani, na mimi nilitaka nisifiwe kuwa mkwe mwema, kwa hiyo nilikuwa wa zamani kumshinda.

Nilimweleza mwalimu mambo hayo siku moja kazi ilipokuwa haba. Akasema kwao pia heshima hiyo ipo, lakini hakuna anayeruka kichakani. Nikamwambia, mimi nimeruka. Nikamsimulia kisa ambacho nilikuwa nimewasimulia watu wote wa Salama mpaka makondakta wakakijua kwa moyo. Nilikuwa naenda Matinyani kwa mara ya kwanza baada ya kukubaliwa, nimebeba kibuyu cha asali na kumvuta mbuzi. Kwenye kona ya njia nikaona mwavuli mwekundu unakuja. Hakuna mtu mwingine kule aliyekuwa na mwavuli mwekundu. Niliacha kamba, nikajirusha kwenye miiba na asali yangu, nikajifunika uso kwa koti, nikatulia. Mbuzi hajui nthoni. Alibaki katikati ya njia akilia na kunitazama kichakani, akinionyesha kwa kila mpita njia. Niliposikia kimya nikatoka nimechanika kama gunia. Na hapo nilikuwa naongeza utamu, nikionyesha jinsi mama alivyokuwa akitembea, mguu mmoja unavutika, mwavuli unayumba, anapita njia yake kama malkia wakati mkwe wake anachomwa na miiba. Nilikuwa nimemwona hivyo kwa mbali mara kadhaa baada ya hapo, na niliiga vizuri. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi.

Baada ya siku chache akaniletea kaseti isiyo na jina.

"Jaribu hii, fundi. Usiniulize kitu."

Picha ilipotokea, niliona njia ya kahawia, vichaka vya kijani huku na huku, nyumba upande wa juu. Mtu mdogo mweusi alikuwa chini, na nyuma yake mbuzi mweupe aliyechorwa kwa miraba minne. Nikamsogeza. Mara, kutoka juu, ikatokea doa jekundu. Chini ya doa alikuwa mwanamke, na alitembea hatua nzuri, hatua mbaya, hatua nzuri, hatua mbaya. Nikapiga ukelele. Nikamkimbiza mtu wangu kichakani, mbuzi akabaki njiani, televisheni ikalia mlio mwembamba ambao kwa kweli ulifanana na mbuzi. Ukichelewa kujificha, unapoteza mbuzi. Ukifika nyumbani na mbuzi wako, umeoa.

Sijawahi kufurahia mchezo kama nilivyoufurahia ule. Nilikuwa nimehangaikia kazi za watu wa mbali ambao sitawaona, na sasa mchezo mpya umezaliwa kwenye meza yangu iliyoinama, na mtu wa mchezo ni mimi. Mcheza kwao hutunzwa, nilimwambia mwalimu. Akasema bado haujaisha. Alitaka uchezwe na watu wawili, wa pili amwendeshe mama, na kwa ajili hiyo niliunga fimbo ya pili ya kuchezea, ile ya kumwongoza mtu wa kwenye skrini, kwa waya mrefu niliouokota kwenye spika iliyokufa.

Siku ya soko niliigeuza televisheni ikatazama mlango. Nilitaka kile kibanda cha michezo ya kiwandani kione. Walikuja makondakta, wauza maembe, watu wa lori, na akina mama waliokuwa wameacha mizigo yao chini. Kila mtu alikijua kisa, kwa hiyo sikuhitaji kueleza. Mwavuli ulipotokea tu walianza kupiga makofi.

"Huyo! Huyo anakuja! Fundi, ingia kwa miti!"

"Wacha mbuzi! Wacha hiyo mbuzi!"

Nami nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na skrini, mgongo kwa watu, naongea kwa sauti kubwa kama mtangazaji wa mpira. Nikasema angalieni mguu huo. Nikasema angalieni anavyovuta, kama gari lililokatika springi. Nilitegemea kicheko. Kilikuja nusu, kikakatika.

Nilidhani stima imepotea, lakini picha ilikuwapo. Mwalimu, aliyesimama kando yangu, alinigusa bega.

"Fundi," akasema polepole, "kuna mama hapa na mwavuli."

Sikugeuka. Sikuwa na haja ya kugeuka. Kwenye kioo cha televisheni, juu ya njia ya kahawia, palikuwa na kivuli cha mlango wangu, na ndani ya mlango kitu kikubwa chekundu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilinyakua kitu cha kwanza nilichokigusa nikajifunika kichwa, na kitu hicho kilikuwa kile kitambaa cha kufumwa ambacho mke wangu alikuwa akikitandika juu ya televisheni. Kimejaa matundu. Nilikuwa nawaona watu wote, nao wananiona, na jasho langu, na masikio yangu, na hakuna hata mmoja aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Baadaye nilijua alivyofika. Alitoka Matinyani alfajiri, akabadilisha magari, na hakuja peke yake. Mke wangu na mtoto walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la familia moja ya Kiislamu iliyotoka kaskazini mashariki, wamepewa kiti na maji. Mama aliwaambia wangoje hapo. Akiridhika na atakachokiona, mke wangu atavuka barabara arudi nyumbani kwake. Asiporidhika, watapanda gari la kurudi wote watatu.

Mama hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, akamwuliza mwalimu, kwa Kiswahili, maana aliona si Mkamba.

"Hii kitu ni nini?"

"Ni mchezo, mama. Ya kompyuta."

"Huyu mwenye mwavuli ni nani?"

Namshukuru na kumlaumu mwalimu kwa jambo moja: hajui kudanganya. Akasema, "Ni wewe, mama."

"Nani alikuambia mimi natembea namna hii?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi na kitambaa changu. Nilihisi haya zikipanda kutoka miguuni, na nilimfikiria mke wangu, ambaye bado sikujua kwamba yuko karibu hivyo, nikajisemea kwamba sasa amekwenda, na mtoto amekwenda, kwa sababu ya mchezo.

"Ati inachezwa na watu wawili?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nitajicheza mwenyewe. Mtu mwingine asinicheze."

Waliisukuma kreti ya soda mpaka mlangoni. Akaketi, nusu ndani na nusu nje, ili asiwe ameingia kwangu. Mwalimu akamwonyesha ile fimbo, huku ni juu, huku ni chini, na waya ukanyooshwa ukapita sakafuni karibu na mguu wangu. Mimi nilikuwa mbele, nimetazama skrini. Yeye alikuwa nyuma yangu, anatazama skrini hiyo hiyo. Hatukuonana. Nilitoa kitambaa kichwani kwa kuwa sikuweza kuona mbuzi.

Mwalimu akaanzisha. Mtu wangu akapanda njia. Mama akashuka na mwavuli wake, hatua nzuri, hatua mbaya. Kazi yangu niliijua: nilimwingiza mtu wangu kichakani mapema, mbali na njia, mbuzi akabaki akilia. Nikangoja mama apite kama alivyokuwa akipita siku zote.

Hakupita. Doa jekundu lilisimama. Kisha likageuka upande wa pili, likatoka njiani, likaingia kwenye kichaka cha upande wake, likatulia humo.

Mchezo haukutungwa hivyo. Njia ilibaki tupu, na mbuzi wake mmoja. Mimi upande huu, yeye upande ule, na hakuna kilichosogea. Kondakta mmoja akasema fundi, imekwama. Mwalimu aliinama kutazama, kisha akasema haijakwama, inangoja mtu atoke.

Mama akaongea nyuma yangu. Hakusema na mimi. Alisema na mwalimu, lakini safari hii kwa Kikamba, ambacho mwalimu alikifahamu nusu tu, na mimi nilikifahamu chote.

Alisema: "Mwambie huyo mtu kwamba ile siku mimi pia niliingia kichakani. Alikuwa amejifunika uso, hakuona. Nilisimama kwenye miiba mpaka nikasikia amekwenda na mbuzi wake. Mmoja uliingia mguuni ukavunjikia ndani. Haukutoka wote. Ndiyo maana natembea namna hii."

Pale dukani palikuwa na Wakamba wengi, na wote walisikia. Mimi nilikuwa natazama skrini. Nilikuwa nimeuiga mguu ule mbele ya watu wa Salama kwa muda mrefu, nikapigiwa makofi, nikanunuliwa chai kwa ajili yake. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa, au ndivyo uzee ulivyomfanya. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimejifunika uso kwa heshima kubwa mno hata sikujua kwamba mwenzangu naye ana heshima.

"Mwambie atoke yeye kwanza," mama akasema. "Mimi nina mguu."

Nilimtoa mtu wangu kichakani. Machozi yalikuwa yamenijaa na njia sikuiona vizuri, nikagonga kichaka mara kadhaa kabla ya kumshika mbuzi na kupanda naye mpaka nyumbani. Televisheni ikapiga muziki mfupi wa kuoa. Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma yangu nilisikia fimbo ikiwekwa sakafuni taratibu, kreti ikisogea, mwavuli ukifunguliwa, kisha hatua kwenye kokoto, moja nzito na moja ya kuvuta, zikivuka barabara. Nilikuwa nimezisikia hatua hizo mara nyingi. Siku hiyo ndiyo niliyozisikiliza.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mwalimu alichomoa kaseti akaitia mfukoni. Mimi nilibaki kwenye kigoda, nimetazama skrini tupu, nikingoja kusikia gari la kurudi likipiga honi.

Badala yake mlango ukaingia giza, na mke wangu akasimama hapo na mtoto mgongoni na mkoba mkononi. Sikuweza kumtazama hata yeye.

"Mama amesema nibaki," akaniambia.

Nikamwuliza kwa nini. Nilitaka sana kujua, maana mimi mwenyewe nisingejiruhusu.

"Nilimwuliza na mimi. Ati kutoka huko nyuma amekuona unalia na shingo. Ati mtu akiona haya mpaka shingoni, hiyo mtu bado iko na utu." Alinipa mtoto nimshike, akaokota kitambaa chake sakafuni, akakikung'uta. "Na hii ilifanya nini chini?"

Mwalimu aliubadilisha mchezo wiki ile ile. Alitaka kuuondoa mguu kabisa; nikamwomba auache mguu, lakini mama naye aingie kichakani kila wanapokutana, na asitoke mpaka mkwe atoke kwanza. Nakala zilisambaa na malori kama zilivyosambaa nyingine, na mara kwa mara mtu asiyenijua alinirudishia moja, akilalamika kwamba ina kasoro, kwamba yule mama anasimama kwenye miiba na hataki kusogea. Nilimwambia si kasoro. Sikumwambia zaidi ya hapo, kwa sababu hata sasa nikifika mahali hapo pa kueleza, shingo inaanza kuwaka.